Kabla Hujafungua Ile LPO Kwenye Kompyuta ya Saiba

Tuseme unauza viazi vitamu kwa jumla. Unavitoa Kabondo, unavipakia kwenye lori pale Oyugis, na wateja wako wa Nairobi wanakulipa kupitia Paybill. Asubuhi moja unapata imeili: "Tafadhali angalia LPO tuliyoambatisha." Ni faili ya Word. Unaifungua na kukuta jedwali lisiloeleweka, ama ukurasa mtupu. Unasema labda wamekosea, unaifunga, unaendelea na kazi. Hukubonyeza linki yoyote. Hukumpa mtu PIN.

Na bado mwizi anaweza kuwa ameshaingia.

Tumezoea kujihadhari na wale wa "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie". Dokumenti hatuiogopi, kwa sababu ni maandishi tu, itatufanya nini? Ngoja nikueleze jambo lililotokea 2017.

Ndani ya Microsoft Office kulikuwa na kiprogramu cha kuandika hesabu, Equation Editor. Mwalimu aliyewahi kuchapa mtihani wa hesabu anakijua: ndicho kilichotumika kuweka sehemu na vipeuo. Kilitengenezwa Novemba 2000 kikakaa humo karibu miaka 17 bila mtu kukishughulikia. Halafu watafiti wa kampuni ya usalama ya Embedi wakagundua kina mwanya, na tarehe 14 Novemba 2017 Microsoft ikatoa apdeti ya kuuziba. Mwanya huo ulipewa nambari CVE-2017-11882.

Ulikuwa mwanya wa namna gani? Fikiria kile kitabu ambacho wakala huandika miamala. Kuna safu ya jina, kando yake safu ya kiasi. Sasa anakuja mteja mwenye jina refu kama reli, na wakala anaandika tu bila kuangalia mstari umeishia wapi. Jina linamwagikia kwenye safu ya kiasi. Jioni mwenye duka akija kupiga hesabu, anasoma herufi za jina akidhani ni pesa.

Kumbukumbu ya kompyuta ni kama kitabu hicho. Equation Editor ilitenga nafasi ndogo ya kuweka jina la fonti, lakini haikupima kama jina linatosha hapo. Mhalifu anatengeneza faili yenye "jina la fonti" refu kupita kiasi. Linafurika na kuingia mahali kompyuta ilipoandika hatua inayofuata, na yale yaliyofurika ni maagizo ya mwizi. Kompyuta haijui tofauti. Inasoma, inatii. Wewe umefungua faili tu, basi.

Mnamo Januari 2018 Microsoft iliona afadhali iking'oe Equation Editor yote. Lakini Mei 2020, mashirika ya usalama ya Marekani yalipotangaza mianya iliyotumiwa zaidi na wadukuzi kati ya 2016 na 2019, huu ulikuwa miongoni mwa ile ya juu. Dawa ilikuwepo tangu 2017, ila kompyuta nyingi hazikuinywa. Na Februari 2023 ukazibwa mwingine wa jamii hiyo hiyo, mahali Word inaposoma orodha ya fonti katika faili za RTF. Fonti tena!

Kwetu pia mlango huu unajulikana. Mei 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba mwishoni mwa 2019 mfanyakazi wa serikali ya Kenya alipakua dokumenti iliyoambukizwa, na wadukuzi wakapata njia ya kuingia kwenye mtandao wa serikali. Reuters ilisema walihusishwa na Uchina, Uchina ilikanusha. Sisemi ni mwanya ule ule wa fonti. Nasema ilianza na mtu kufungua dokumenti kazini, kama wewe na ile LPO.

Sasa, pesa yako. PIN ya akaunti yako ya simu unaiandika kwenye simu, kwa hivyo mwanya wa Word kwenye kompyuta hauifikii moja kwa moja. Kinachofikiwa ni vingine. Programu kama Loki na FormBook, ambazo zimesambazwa kwa mwanya huu, huiba paswadi zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, na FormBook hurekodi hata unachochapa. Kama unaingia akaunti ya biashara kupitia kompyuta, paswadi hiyo imeenda. Imeili zinakoingia taarifa zako za malipo, zimeenda. Skani ya kitambulisho uliyoacha kwenye desktopu pia. Mtu mwenye kitambulisho chako na orodha ya miamala yako anaweza kukupigia simu akasikika kabisa kama mmoja wetu. (Sisi hatukuulizi PIN. Hata siku moja.)

Saiba ndipo panaponitia wasiwasi zaidi. Kompyuta moja inahudumia wa KRA, wa HELB, wa kuprinti taarifa ya miezi sita na mwanafunzi wa CV. Ikiambukizwa asubuhi, wote walioingia hadi jioni wako mashakani. Na huenda nyingine bado zina Office 2010, ambayo Microsoft iliacha kuitunza 13 Oktoba 2020. Windows 10 nayo imefuata, 14 Oktoba 2025.

Ukifungua faili iliyotoka kwa imeili na uone mstari wa njano juu, soma yaliyomo bila kubonyeza "Enable Editing". Mstari huo unaifungia faili chumba chake, na mwanya ule wa hesabu haufanyi kazi humo. Iliyotoka kwa flashi mara nyingi haipati mstari huo, kwa hivyo flashi usiiamini hivyo. Kama kompyuta ni yako, tafuta EQNEDT32.EXE kwenye diski ya C. Ukiipata, Office yako haijapata apdeti ile ya Januari 2018. Ziwashe apdeti leo.

Na kama LPO ya ajabu ulishaifungua, usibadilishe paswadi kwenye kompyuta ile ile, maana utakuwa unampa mwizi na mpya. Tumia simu yako. Anza na paswadi ya imeili, kisha ya akaunti ya biashara, halafu tupigie tuangalie miamala pamoja. Mteja wa LPO naye mpigie kwa nambari uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo kwenye imeili.