Zamu ya Maji

Tangu tulipostaafu uchungaji twalima vitunguu hapa Baray, katika bonde la Ziwa Eyasi. Maji ya ziwa yana chumvi, hayafai shamba; twategemea chemchemi na mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Basi giza likiingia, ni rahisi mno mtu kuziba mfereji wa jirani na kufungulia wake. Vitunguu vya jirani vyanyauka, Jumapili huyo mwizi (ndilo jina lake) amsalimu, “Bwana asifiwe, ndugu!”

Nanyi waalimu mwatuuliza, je, aikaribie meza ya Bwana? Kwanza zamu yake ijayo amwachie jirani, mchana, watu wakiona. Sala ya toba twaweza kuiomba papo hapo mferejini.