Mbona Chura Haozi Kwenye Tope?

Umejikata na jembe shambani, kwenye mpunga pale Ngonga. Maji ya jaruba ni tope tupu, na ng'ombe wamepita humo tangu asubuhi. Mwenzako anakwambia, "Mwagia unga wa rangi mbili, kitakauka hicho." Ngoja kwanza. Mtazame chura aliye karibu na mguu wako. Anaishi humohumo, ngozi yake laini, hana magamba wala manyoya. Mbona haozi?

Swali hilo lilimnasa daktari mmoja wa Marekani, Michael Zasloff. Alikuwa akiwapasua vyura wa Xenopus, ambao asili yao ni kusini mwa Afrika, kisha anawashona na kuwarudisha kwenye tangi la maji machafu. Kumbe vidonda vilipona bila usaha! Mwaka 1987 akatangaza alichokipata kwenye ngozi yao: peptidi alizoziita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vile vipande vinavyojenga protini. Magainini ina vipande 23 tu. Sasa, kila bakteria amezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, ambao kwa nje una chaji hasi. Magainini ina chaji chanya. Si unakumbuka Fizikia? Chaji zisizofanana huvutana. Basi peptidi inajilaza juu ya utando na kujisokota kama springi: upande mmoja unapenda maji, upande wa pili unapenda mafuta. Huo wa pili unazama ndani ya utando. Peptidi moja haifanyi kitu. Zikijazana, utando unatoboka, vilivyomo vinavuja, bakteria anakufa. Mtumbwi wenye tundu moja unaweza kuchota maji ukafika Matema. Wenye matundu mia, utaogelea.

Na seli zetu je? Utando wake kwa nje karibu hauna chaji, tena una kolesteroli inayouimarisha. Lakini peptidi zikizidi sana, hata sisi zinatudhuru. Kuzigeuza dawa si kazi rahisi: krimu iliyotokana na magainini, ya vidonda vya miguu vya wenye kisukari, ilikataliwa Marekani mwaka 1999 kwa kukosa ushahidi wa kutosha kwamba inafaa.

Usije ukamkamata chura ukajipaka! Ngozi yako ina peptidi zake. Mojawapo inaitwa LL-37, na ukijikata mwili huongeza kuitengeneza. Wewe isaidie tu: osha kidonda kwa maji safi na sabuni, tope lote litoke. Ule unga wa rangi mbili uache. Kipimo chake hakijulikani, unaua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu wazaliane. Na kama kidonda ni kirefu au kimeingia tope, nenda zahanati leo hii, uwaeleze mara ya mwisho ulichanjwa lini dhidi ya pepopunda.