Fahamu: Je, kusukutua kwa mafuta kunatibu meno?

Unachukua kijiko kimoja cha mafuta ya nazi au simsim, unayazungusha kinywani kwa dakika 10 hadi 20, kisha unayatema yakiwa meupe kama maziwa. Desturi hii ilitoka India, katika tiba ya Ayurveda. Leo mitandao imeifikisha hadi Eldoret.

Inasaidia? Tafiti chache na ndogo zinaonyesha huenda ikapunguza bakteria kinywani. Haizibi jino lililotoboka. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hakiipendekezi. Ukipaliwa, mafuta yanaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia, kwa hiyo watoto wasipewe.

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi. Jino likiuma, muone daktari mapema.