Kazi za Serikali na Kazi za Makampuni: Khabari ya Oman

Nyumba nyingi za Unguja na za pwani yetu zina jamaa Maskati, na wengi katika jamaa hao wangali wakizungumza Kiswahili majumbani mwao. Kwa hivyo khabari ya kazi katika nchi ya Oman si khabari ya ugenini kwetu.

Aliposhika utawala Sultan Qaboos mwaka 1970, fedha ya mafuta ilijenga skuli, hospitali na barabara, na kijana aliyesoma alikuta meza ya serikali ikimngojea. Kazi za ujenzi na za madukani zilishikwa na wageni, wengi wao watu wa Bara Hindi. Lakini watoto walizaliwa, na meza za serikali hazizai. Tangu 1988 serikali ikataka makampuni yaajiri wenyeji, na baadaye yakaamrishwa kuajiri fungu maalumu lao. Vijana hawakufurahi, na mwaka 2011 waliinuka mjini Sohar wakidai kazi. Sultan akaahidi kazi 50,000, na posho ya riali 150 kwa mwezi kwa anayetafuta kazi. Mwaka 2013 mshahara wa chini wa mwenyeji katika makampuni ukawekwa riali 325. Hata hivyo, mwezi wa Mei 2021 Sohar ilisikia tena sauti zile zile.

Je, vijana hao walikuwa wavivu? Wako wasemao hivyo, nasi hatukubaliani nao. Mtu hukimbilia penye saa chache za kazi, mapumziko, na pensheni ya uzeeni. Na hayo yalikuwa bora zaidi upande wa serikali. Kumshurutisha tajiri aajiri hakutoshi ikiwa kazi yenyewe haitamaniki.

Kwa sababu hiyo twaziona sheria za mwaka 2023, zilizotolewa na Sultan Haitham, kuwa zimegusa penyewe. Saa za kazi katika makampuni zikawa 40 kwa juma. Mama aliyejifungua akapewa likizo ya siku 98 na baba siku 7. Tena mifuko ya pensheni ya serikali na ya makampuni ikaunganishwa kuwa mfuko mmoja. Kabla ya hapo, tangu Januari 2021, mgeni aliyemaliza mkataba wake aliruhusiwa kuhamia kwa tajiri mwengine pasi na kuomba idhini ya yule wa kwanza. Jambo hili lamfaa mwenyeji pia, kwani mfanyakazi asiyeweza kuondoka hulipwa kidogo, na tajiri humpenda kuliko kijana wa mjini.

Ama watumishi wa majumbani, kanuni zao ni mbali na za watu wa makampuni. Na binti zetu wanaosafiri kwenda Ghuba, wengi huenda kwa kazi hiyo hiyo! Twasikia wazee wakiuliza mshahara tu, kisha wakamwachia dalali yaliyobaki. Ndugu zetu, takeni mkataba kwa maandishi, katika lugha ambayo binti mwenyewe aisoma. Ulizeni siku yake ya mapumziko, nani atakayelipa nauli ya kurudi, na pasi yake itawekwa na nani. Nakala moja ya mkataba huo ibaki kwa mama yake, pamoja na jina la mwenye nyumba, mtaa anaokaa na namba ya simu yake, kabla binti hajapanda ndege.