Wiki Moja Yeoville, na Jambo Nililoshindwa Kulisema

Kwenye kipindi chetu cha mwisho kuhusu wazazi wanaozeeka, baadhi yenu mliniandikia mkiuliza mbona nilinyamaza sana. Mlisikia vizuri. Wiki ile nilikuwa na jambo ambalo sikuwa tayari kulisema mbele ya maikrofoni, basi acha nilisimulie hapa polepole.

Mimi naishi Midrand, ndani ya geti lenye walinzi. Nyuma ya nyumba yetu kuna chumba na jiko dogo. Mdogo wangu wa kiume anaishi Cape Town. Tangu Agosti tulikuwa na mpango wetu wawili kwenye WhatsApp: kuwatoa papa na mama Yeoville na kuwaleta kwenye kile chumba. Sababu tulikuwa nazo. Mwezi wa kumi na moja mama aliporwa simu mchana kweupe, hatua chache tu kutoka mlangoni kwake. Papa ana miaka 71, goti la kulia linamsumbua, na fleti yao iko ghorofa ya tatu kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Maji hukatika bila taarifa. Tukapaka rangi chumba, tukanunua kitanda kipya. Ikabaki kazi moja, kuwaambia.

"Yaya, wewe ndiye mkubwa," mdogo wangu akasema. "Wewe utaongea."

Nikachukua likizo wiki ya tarehe 16 Disemba, nikabeba watoto wangu wawili, tukaenda kulala kwa wazazi. Mpango ulikuwa niseme kufikia Jumamosi.

Jumatatu: sokoni

Saa moja asubuhi mama alikuwa ameshavaa kitenge na kofia ya jua. "Batoto bakule kwanza, kisha tuende soko." Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili cha Lubumbashi, chenye ba- nyingi na Kifaransa kidogo. Kile sanifu nilikuja kujifunza chuoni kutoka kwa marafiki wa Kitanzania, ambao walicheka machozi waliposikia watoto wetu humwita bibi "kambo". Kwao kambo ni baba wa kambo, mama wa kambo. Kwetu kambo ni yule anayekupa sukari mama yako akikataa.

Soko la Yeoville liko kwenye ile barabara ndefu yenye majina mawili: upande mmoja ni Raleigh, ukiendelea inageuka kuwa Rockey. Lilijengwa ili wachuuzi watoke barabarani, ingawa nje bado wamejaa tele. Ndani utapata sombe iliyotwangwa, ndagala, samaki wa chumvi, mafuta ya mawese, unga wa muhogo, ndizi za kupika. Nilizoea kupita pale nikiwa na haraka, nanunua, naondoka. Siku hiyo nilimfuata mama tu, na ilituchukua saa mbili kununua vitu sita.

Sababu ni kwamba mama hanunui kabla ya kusalimia. Alikaa muda mrefu zaidi kwa mama mmoja Mvenda anayeuza viwavi vya mopane vilivyokaushwa. Yule mama huviita mashonzha, mama yangu huviita binkubala, maana Katanga nako vinaliwa. Walijuana hivyo tu, miaka mingi iliyopita: mama alisimama mbele ya lile gunia, akaona chakula cha utoto wake kiko Johannesburg, akaanza kulia. Mwenzake akamjazia mfuko, akakataa pesa. Mpaka leo wanaongea Kizulu kidogo, Kiingereza kidogo, na mikono mingi.

Binti yangu wa miaka saba alionja kimoja. Akatafuna, akafikiri, akasema kwa Kiingereza kwamba kina ladha ya chai isiyo na sukari. Akaomba kingine.

Jumanne: ng'ombe wa vizibo

Tarehe 16 ni Siku ya Maridhiano, sikukuu ya taifa. Papa aliteremka ngazi akishika ukuta. Nilihesabu: alipumzika mara mbili. Nikajiambia, hii nayo nitaitaja Jumamosi.

Chini, mbele ya kinyozi, walikuwa wanamsubiri wazee watatu na kipande cha boksi kilichochorwa mistari kwa kalamu. Wanacheza morabaraba. Kama huujui, ni mchezo wa zamani wa huku kusini: kila mchezaji ana vipande 12 vinavyoitwa ng'ombe, na bao lina vituo 24. Ukipanga ng'ombe wako watatu mstari mmoja, unamuua ng'ombe mmoja wa mwenzako. Ukibaki na watatu tu, unaruhusiwa kuruka popote. Ng'ombe wa papa ni vizibo vya bia, ingawa yeye hanywi. Ng'ombe wa mpinzani wake, mzee Msotho aliyestaafu udereva wa teksi, ni vizibo vya soda.

Papa hucheza kimya nyumbani, dama au karata. Pale chini anapiga kelele! Anatania, anadai mwenzake amemuibia ng'ombe, anaapa. Mvulana wangu wa miaka minne alikaa kwenye goti lake zima, akipewa kazi ya kutunza ng'ombe waliokufa. Kila baada ya dakika chache mtu alipita na redio au kipasha-joto cha maji kilichoharibika, na papa akasema, "Lete kesho." Alikuwa fundi umeme wa migodi kule kwetu. Alipofika huku alianza kwa kulinda magari kwenye maegesho, kama Wakongo wengi wenye vyeti vyao kwenye bahasha. Siku hizi anatengeneza vitu kwa bei ya kahawa.

Nilipiga picha moja nikamtumia mdogo wangu. Akajibu: "Sijawahi kumuona papa hivi." Hata mimi.

Jumatano: mvua ya saa kumi

Kama hujawahi kukaa Johannesburg wakati wa kiangazi chao, jua hivi: asubuhi jua kali, mchana mawingu yanapanda kama moshi, na mnamo saa kumi jioni mbingu inapasuka. Jiji liko juu sana, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na radi zake si za mchezo.

Siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe. Umeme ukakatika. Mimi nilianza kutafuta tochi na kuhesabu asilimia za betri. Mama alifungua mlango wa kibaraza, akavuta kiti na kuendelea kufuma vitambaa vyake gizani. Anafuma kwa kidole, haangalii. "Harufu hii," akasema, "ni ya kwetu." Ni kweli, Lubumbashi nako Disemba ni mvua na maembe. Watoto walikuwa wanahesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo, naye akawa anahesabu pamoja nao kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu. Binti yangu, ambaye mimi nimejaribu kumfundisha namba kwa programu ya simu tangu mwaka jana, alifika ishirini na tatu bila kosa.

Kisha maji nayo yakakatika. Jirani wa chini, kijana kutoka Zimbabwe, akapanda na ndoo mbili bila kuombwa. Mama akamrudishia moja ikiwa na sahani ya mandazi juu. Nikatambua hii si mara ya kwanza.

Alhamisi na Ijumaa

Alhamisi ilikuwa siku ya likelemba, yaani upatu. Huku wanaita stokvel, na Disemba ndiyo mwezi wa kugawana. Kikundi cha mama kina wanawake kumi na wawili, lugha sita kwa hesabu yangu. Waligawana mchele, mafuta, sukari na unga sebuleni, kwa daftari na kelele. Mama ndiye mweka hazina. Mimi, mhasibu mwenye shahada, niliomba kuona daftari. Halikuwa na kosa hata moja.

Ijumaa niliwapeleka watoto kwenye bwawa la manispaa pale Raleigh. Papa alikaa kivulini akiwa amevaa soksi na viatu, akatueleza habari za mtaa. Kwamba Yeoville ilianza mwaka 1890. Kwamba walikuja Wayahudi waliokimbia Ulaya ya Mashariki, na majengo ya masinagogi yao ya zamani bado yapo. Kwamba katika miaka ya 1980, sheria ikiwa bado inakataza, weusi na weupe walikuwa wanaishi na kucheza muziki pamoja hapa. "Kila mtu alikuja na mzigo wake," akasema. Nikaona pengine huo ndio mlango wa kuanza kuongea. Sikuthubutu.

Jumamosi

Nilisema baada ya chakula. Bukari, sombe, ndagala. Nilitaka wawe wameshiba. Nilisema vizuri, niliyafanyia mazoezi kwenye gari. Goti, ngazi, simu iliyoporwa, maji, walinzi, bustani, wajukuu kila siku.

Mama aliangalia meza. Papa alinawa mikono taratibu, akaikausha, ndipo akaongea.

Alianza na Lubumbashi. Mwaka 1992 na 1993, wakati jimbo lile bado linaitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao. Walikuwa wameletwa migodini tangu enzi za Wabelgiji, wakazaa pale, watoto nao wakazaa. Wanasiasa waliwaita bilulu, yaani wadudu. Papa alizaliwa Kamalondo, na nyumba yetu ilikuwa hukohuko.

"Balituambia muende kwenu. Kwetu wapi? Miye sikuona Kasai hata siku moja."

Waliwahi kuuza friji na kitanda. Tukapita Kasumbalesa, Zambia, Zimbabwe, mpaka hapa. Nilikuwa na miaka mitatu, nakumbuka tu dirisha la lori.

Kisha akataja Mei 2008, ghasia zilipoanza Alexandra na kusambaa, watu zaidi ya 60 wakauawa. Hiyo ninaikumbuka mwenyewe. Nilikuwa na miaka 18, tulilala na mabegi mlangoni kwa wiki mbili. Watu walikuwa wanasema tena, nendeni kwenu. Nilichokuwa sijui ni kwamba yule mzee Msotho, adui yake wa vizibo, alikuwa analala kwenye teksi yake mbele ya jengo letu usiku ule wote.

"Na leo," papa akasema, "ni weye mwana yangu."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika.

"Hapa njo kwetu," akamalizia, akaamka kwenda kupumzika. Sikupata neno. Hakuna hata moja kati ya sababu zangu iliyokuwa ya uongo. Goti ni goti. Lakini tangu Agosti mimi na mdogo wangu tulijadili rangi ya ukuta, bei ya kitanda, umbali wa hospitali, na hakuna aliyeuliza papa atacheza na nani.

Wakati wa kuosha vyombo mama alinisogelea. "Lile jiko," akanong'ona, "dirisha lake linaangalia wapi?"

Nikamwambia linaangalia mti wa ndimu wa jirani. Akaitikia kwa kichwa. "Uliza tena mvua zikiisha. Usimuulize papa yako. Uniulize miye."

Basi mjue, hata wao wawili hawako sawa katika hili, na sisi tulikuwa tunawataja kwenye WhatsApp kama mtu mmoja.

Tulichofanya kwa sasa

Jumapili asubuhi, kwaya ya kanisa la jirani ikipiga gitaa, nilimpigia mdogo wangu. Pesa tulizoweka kwa ajili ya kuhama tumezigawa. Tumelipia chuma cha kushikia kwenye ngazi, sehemu zile ambazo papa hupumzika. Tumenunua mapipa mawili ya maji, moja letu na moja la yule kijana wa chini. Mama ana simu ya vitufe ya kwenda nayo sokoni. Daktari wa goti ni mwezi wa pili. Watoto watalala Yeoville kila Ijumaa, na mimi nitaendesha.

Bado usiku sizimi simu. Sitawadanganya kwamba nimetulia. Mama akiporwa tena nitajilaumu. Chumba cha nyuma bado kina harufu ya rangi. Mapazia nimeyaondoa dirisha la jikoni ili mti wa ndimu uonekane vizuri, kama tu.

Kabla hatujaondoka, mvulana wangu alishuka ngazi akiwa amefumba mkono. Kwenye gari akaufungua: vizibo vitano, ng'ombe waliokufa. Nikamwambia tuvirudishe, kambo atavitafuta. Akasema kambo ndiye aliyempa, na kwamba Ijumaa anapaswa kuvirudisha vyote vikiwa hai.

Na wewe, ukiwa na mpango kama wetu kwenye simu, umewauliza wazazi? Mmoja mmoja? Tutumieni sauti zenu, kwa Kiswahili chochote mlicho nacho. Kipindi kijacho sitanyamaza.