Leiden, mji wa makumbusho: vitu hivi vimefikaje hapa?

Ukiingia Makumbusho ya Taifa ya Mambo ya Kale katika mji wa Leiden, Uholanzi, jambo la kwanza kukutana nalo ukumbini ni hekalu la mawe kutoka Misri. Si picha wala mfano. Ni hekalu lenyewe, lililojengwa kando ya Mto Nile miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Kulitazama hulipi chochote. Tiketi unadaiwa pale unapotaka kuingia vyumba vya ndani.

Swali linalomjia kila mgeni ni moja: hekalu la Misri limefikaje Ulaya? Mjini Leiden swali hilo unaweza kuliuliza katika makumbusho matatu tofauti, na kila moja litakupa jibu lake.

Mji wa kutembelea kwa miguu

Leiden ni mji mdogo ulio kati ya Amsterdam na The Hague. Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol, treni haichukui hata nusu saa. Ukishashuka huhitaji gari, kwani makumbusho mengi yanafikika kwa miguu, ukifuata mifereji ya maji inayopita katikati ya mitaa.

Karibu na stesheni utaona kinu kirefu cha upepo kiitwacho De Valk, kilichojengwa mwaka 1743 kwa ajili ya kusaga nafaka. Mchoraji Rembrandt alizaliwa mji huu mwaka 1606. Hapa pia ndipo kilipo chuo kikuu kikongwe kuliko vyote nchini humo, kilichoanzishwa mwaka 1575, pamoja na bustani yake ya mimea ya mwaka 1590. Bustani hiyo ni kati ya mahali pa kwanza Uholanzi kupandwa maua ya tulipu. Kwa hiyo hata tulipu, ambayo leo watu huiona kama alama ya Uholanzi, ilikuja kama mgeni kutoka upande wa Uturuki.

Jibu la kwanza: zawadi

Turudi kwenye hekalu. Miaka ya 1960 Misri ilikuwa ikijenga bwawa kubwa la Aswan, na maji yake yangefunika mahekalu mengi ya kale ya eneo la Nubia. Shirika la UNESCO likaziomba nchi za dunia zisaidie kuyaokoa. Uholanzi ilichangia, na mwaka 1969 Misri ikaipa hekalu la Taffeh kama shukrani. Mawe yake zaidi ya 600 yalisafirishwa, yakapangwa upya moja baada ya jingine ndani ya ukumbi wa makumbusho. Misri iliweka sharti kwamba watu walitazame bila kulipa, na ndiyo sababu liko nje ya mlango wa tiketi.

Hapa hakuna ugomvi. Mwenye mali alitoa kwa hiari yake.

Jibu la pili: kuchimbua

Makumbusho ya Naturalis ni ya viumbe na mazingira. Watoto huenda pale kumwona Trix, mifupa ya dinosaria mla nyama aliyeishi zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Alichimbuliwa jimbo la Montana, Marekani, mwaka 2013, na wataalamu wa Naturalis wenyewe walishiriki kazi hiyo.

Lakini Naturalis ilihifadhi pia mifupa yenye historia nzito zaidi. Mwaka 1891 daktari Mholanzi, Eugène Dubois, alipata kipande cha juu cha fuvu la binadamu wa kale karibu na kijiji cha Trinil, kisiwa cha Java. Wakati huo Java, ambayo sasa ni sehemu ya Indonesia, ilikuwa koloni la Uholanzi, na waliochimba kwa jembe walikuwa wafungwa waliotolewa na serikali ya kikoloni. Sifa zilimwendea daktari, na mifupa ikaenda Uholanzi. Indonesia iliidai, na mwaka 2025 serikali ya Uholanzi ikatangaza kwamba itarudisha mkusanyiko wote wa Dubois, wenye vitu zaidi ya 28,000.

Wasikilizaji wa Lindi wanalijua jambo hili kwa karibu. Dinosaria mkubwa wa Tendaguru, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, bado amesimama Berlin.

Jibu la tatu: nyara za vita

Makumbusho ya tatu ni Wereldmuseum, yaani makumbusho ya dunia, yenye vitu kutoka mabara yote. Julai 2023, hapo hapo ndipo zilipotiwa sahihi za kurudisha vitu 478 kwa Indonesia na Sri Lanka. Miongoni mwake ilikuwamo hazina ya dhahabu na vito ambayo jeshi la Uholanzi liliichukua kisiwani Lombok mwaka 1894. Kisha mwaka 2025 Uholanzi ikairudishia Nigeria vitu 119 vya ufalme wa Benin, ambavyo asili yake ni uporaji uliofanywa na askari wa Uingereza mwaka 1897.

Kudai kunakwendaje?

Tangu mwaka 2021 sera ya Uholanzi inasema kitu kilichochukuliwa bila ridhaa katika makoloni yake kirudishwe bila masharti, iwapo nchi kilikotoka inakitaka. Dai hupelekwa na serikali ya nchi, si ukoo wala kijiji. Kisha kamati ya wataalamu huchunguza kitu kilitoka wapi, kilichukuliwa na nani na kwa njia gani.

Hapo ndipo kumbukumbu za vijijini zinapokuwa na thamani. Karatasi za makumbusho mara nyingi huandika jina la aliyekileta kitu, si la aliyenyang'anywa. Kama kwenu kuna mzee anayekumbuka simulizi ya ngoma, kiti cha enzi au silaha ya mababu iliyochukuliwa, mrekodi kwa simu angali hai. Andika jina la mahali, la ukoo, na la kitu chenyewe kwa lugha yenu, kisha mpelekee nakala afisa utamaduni wa wilaya.

Na si lazima usafiri hadi Leiden ili kutazama. Wereldmuseum imeweka picha za vitu vyake kwenye intaneti, vikiwemo vya Afrika. Unapovitazama, usiishie kwenye jina la kitu. Soma na mstari unaoeleza kilipatikana wapi na lini. Mstari huo ukikosekana, basi bado kuna swali la kuuliza.