Tovuti ya Serikali Haimalizi Haja ya Kuomba Hati

Uwazi wa serikali huifaa asasi ya utetezi pale inapopata hati yenyewe inayohusika: mkataba, makadirio ya ujenzi, hati ya malipo. Muhtasari wa hati hiyo ni kitu kingine. Hata hivyo, kila asasi inapokwenda mahakamani kudai mikataba ya umma, huulizwa swali lile lile: si serikali imeshaweka kila kitu kwenye tovuti, wanataka nini tena? Swali hilo limerudiwa kupita kiasi, na msingi wake ni mbovu.

Kenya ilizindua tovuti yake ya takwimu huria Julai 2011. Takwimu kama hizo zina kazi, lakini anayezichapisha ndiye anayechagua kipi kitoke, lini na kikiwa kimefupishwa vipi. Jumla ya fedha zilizotengewa zahanati haionyeshi nani alishinda zabuni, kwa bei gani, wala kama mkandarasi alilipwa kabla paa halijaezekwa. Mtetezi hawezi kujenga hoja juu ya jumla. Kibaya zaidi, tovuti humpa afisa kisingizio: mwombaji huambiwa akatafute huko, akose, na faili ibaki kabatini.

Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi inatosha kuivunja imani kwamba tovuti inatosha. Baada ya safari kuanza mwaka 2017, serikali iliagiza makontena ya waagizaji yasafirishwe kwa reli, na Mombasa ikapoteza kazi za malori, maghala na uwakala wa forodha. Muungano wa Okoa Mombasa ulitaka kujua mikopo ya Benki ya Exim ya China iliibana nchi kwa masharti gani. Bajeti zilizochapishwa hazikuwa na jibu hilo. Lilikuwa ndani ya mikataba. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliiomba, wakanyimwa, wakashtaki. Upande wa serikali ulijitetea kwa vifungu vya usiri. Mei 2022 Jaji John Mativo aliamuru mikataba itolewe, na sehemu yake ikawekwa hadharani Novemba mwaka huo. Kufikia hapo agizo la makontena lilikuwa limeshaondolewa. Taarifa iliyochelewa kiasi hicho husaidia wanahistoria kuliko madereva waliopoteza kazi.

Wala hati peke yake haitoshi. Shirika la haki za binadamu la MUHURI lilipokagua miradi ya mfuko wa maendeleo ya eneo bunge huko Changamwe mwaka 2007, wakazi walifunzwa kusoma kumbukumbu za miradi, wakaenda kuangalia majengo yenyewe, kisha wakawauliza wahusika hadharani. Kazi hiyo ya kulinganisha karatasi na tofali ndiyo utetezi, na hakuna tovuti inayoifanya kwa niaba ya mtu.

Njia za kufuata zipo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 humpa raia haki ya kuomba kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na sababu zake haziwezi kutumiwa kumnyima. Sheria hiyo huhesabu kuwa raia hata taasisi binafsi inayodhibitiwa na Wakenya, jambo ambalo mwaka 2013 mahakama ililikataa. Ombi litaje hati kwa jina, mradi na mwaka. "Taarifa zote kuhusu barabara" ni mwaliko wa kukataliwa. Jibu hudaiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Muda unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Ofisi isiyo na hati hiyo huhamisha ombi ndani ya siku 5. Akinyimwa, mwombaji ana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma. Kuwasilisha ombi ni bure. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili na kufikisha hati.